Maktaba Isiyomwacha Mtu Mlangoni: Mwongozo Kamili kwa Wakutubi na Walimu wa Tanga

Ukitaka kujua kama maktaba yako inamfaa mtu mwenye ulemavu, usianze kwa kuhesabu vitabu vya nukta nundu, yaani maandishi ya kusomwa kwa vidole, vilivyomo kabatini. Hesabu ni mara ngapi mtu huyo ameomba msaada tangu alipoingia getini hadi alipotoka na kitabu mkononi. Ameomba ainuliwe ngazini. Ameomba asomewe majina ya vitabu, ashushiwe kimoja cha juu, asogezewe kiti, ashikiwe mlango wa choo. Mtu mzima mwenye akili zake huchoka kuomba, na siku ya pili haji. Wahudumu nao wanabaki wakisema, "Hapa watu wenye ulemavu hawaji," kumbe walikuja, wakaona hali, wakaondoka.

Mwongozo huu ni kwa yeyote anayesimamia chumba cha vitabu hapa Tanga: maktaba ya umma, maktaba ya sekondari, chumba cha kusomea cha kata, kabati la vitabu la madrasa au kanisa. Mengi yaliyomo yatafaa Bagamoyo, Pangani na mji wowote wa pwani wenye majengo ya zamani, mchanga na hewa ya chumvi. Kipimo changu toka mwanzo hadi mwisho ni kimoja: msomaji aweze kuja, kutafuta, kusoma na kuondoka kwa maombi machache iwezekanavyo. Msaada uwepo kwa anayeutaka, ila huduma isisimame juu ya hisani.

Tena hili si jambo la hiari. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara ya 30 ya mkataba huo inazitaja maktaba kwa jina lake. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9, inayodai majengo na huduma za umma zifikike. Mkuu wa shule au mtendaji akikuuliza kwa nini unataka saruji na mchanga kwa ajili ya maktaba, anzia hapo.

Hatua ya kwanza: waite wenyewe waikague

Kabla hujanunua chochote, tafuta watu watano au sita: anayetumia kiti mwendo, asiyeona kabisa, mwenye uoni hafifu (mara nyingi mtu mwenye ualbino atakueleza mambo ambayo wengine hawayafikirii), kiziwi, na mzazi wa mtoto mwenye usonji au ulemavu wa akili. Kuwapata si kazi ngumu. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, Chama cha Wasioona, Chama cha Watu Wenye Ualbino na shirikisho lao SHIVYAWATA wanafahamika, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anajua pa kuwapata viongozi wao. Walipe nauli ya kuja na kurudi, wape chakula cha mchana, na mkalimani wa lugha ya alama alipwe ujira wake. Wanakufanyia kazi ya kitaalamu.

Usiwakalishe kwenye mkutano wakakusifia. Wape kazi ya kufanya: shuka kituo cha daladala, fika maktaba, tafuta kitabu fulani, soma ukurasa mmoja, nenda chooni, azima kitabu, ondoka. Wewe fuata nyuma na daftari, mdomo umefungwa. Kila mahali mtu anaposimama, anapopapasa, anapouliza au anaposaidiwa, andika. Ukimaliza utakuwa na orodha ya vikwazo vya jengo lako hasa, na orodha hiyo ina thamani kuliko mwongozo wowote, huu ukiwemo. Shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, IFLA, lilitoa orodha yake ya ukaguzi mwaka 2005, ni nzuri na unaweza kuifuata sambamba, lakini haijui mtaro ulio wazi mbele ya geti lako.

Hatua ya pili: kutoka barabarani hadi kizingitini

Tanga ni mji wa baiskeli, na baiskeli hizo huegeshwa popote penye ukuta na kivuli, yaani palepale ambapo asiyeona hufuata ukuta kwa fimbo yake nyeupe. Tenga mahali pa kuegesha baiskeli mbali na njia ya kuingilia, weka vyuma au magogo ya kuegemeza, na mwambie mlinzi asimamie. Mtaro ufunikwe kwa vibamba vya zege visivyocheza. Matawi ya mwembe au mlangilangi yanayoning'inia yakatwe hadi juu ya mita 2, kwa sababu fimbo nyeupe hugusa kilichoko chini, haigusi kinachokuja usoni. Kama uwanja ni mchanga mtupu, magurudumu yatazama, kwa hiyo tandika njia ya matofali ya zege au kifusi kilichoshindiliwa, upana usipungue sentimita 120.

Sasa ngazi. Majengo mengi ya zamani ya pwani yameinuliwa juu ya msingi mrefu ili maji ya mvua yasiingie, kwa hiyo ngazi tatu nne mlangoni ni jambo la kawaida. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, maana rampu, yaani njia ya mteremko ya kupandia badala ya ngazi, hujengwa kila mahali na nyingi hazipandiki. Kanuni ni hii: kwa kila sentimita 1 ya kimo, unahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja ni kimo cha sentimita 45, kwa hiyo rampu iwe na urefu wa mita 5 na sentimita 40. Fundi atakuambia, "Dada, hapa mita mbili zinatosha kabisa, nitakuwekea zege zuri." Mita mbili kwa kimo hicho ni mlima. Mwenye kiti mwendo atarudi nyuma kwa kichwa, na anayemsukuma ataumia naye.

Nafasi ikiwa ndogo, ikunje rampu ifuate ukuta, na kwenye kona weka jukwaa tambarare la sentimita 150 kwa 150 la kupumzikia na kugeukia. Jukwaa kama hilo liwepo pia juu, mbele ya mlango, la sivyo mtu atalazimika kufungua mlango huku kiti kinateleza kurudi chini. Upana wa rampu usipungue sentimita 90, na 120 ni bora zaidi. Pembeni weka ukingo wa zege wa sentimita 10 ili gurudumu lisitoke nje, na mabomba ya kushikia pande zote mbili, kimo cha sentimita 85 hadi 95. Hewa ya bahari hula chuma: chagua mabomba yaliyopakwa zinki, au mbao ngumu iliyotibiwa, kwa kuwa bomba lenye kutu huchana viganja.

Na tafadhali, usikubali kupigiwa niru, ile saruji inayolainishwa juu mpaka ing'ae. Niru inapendeza machoni, mvua ikinyesha inakuwa barafu. Zege likiwa bado bichi, fundi apitishe fagio la chelewa kukatiza upana wa rampu, ibaki mistari ya kukwaruza. Vigae vya kung'aa ni vibaya zaidi ya niru.

Namna ya kumkagua fundi bila ugomvi: chukua ubao ulionyooka wa sentimita 120, uweke juu ya rampu kuelekea chini, juu yake weka pimamaji. Inua ncha ya chini ya ubao mpaka kiputo kikae katikati, kisha pima nafasi iliyobaki kati ya ncha hiyo na zege. Ikiwa ni sentimita 10 au pungufu, rampu iko sawa. Ikizidi, haijakamilika, na asilipwe awamu ya mwisho mpaka arekebishe. Mkataba uandike hivyo tangu siku ya kwanza.

Kuna jambo ambalo miongozo ya nchi za nje hailitaji. Wasomaji wengi hapa kwetu hawaji na kiti mwendo, wanakuja na baiskeli ya miguu mitatu inayoendeshwa kwa mikono. Baiskeli hiyo ni ndefu na pana, haipiti mlango wa kawaida, na mwenyewe hawezi kuiacha barabarani. Tenga mahali penye kivuli karibu kabisa na rampu, pawe na sehemu ya kufungia mnyororo, na kiti mwendo kimoja cha maktaba kiwe tayari hapo, kimejazwa upepo, si kimefungiwa stoo chini ya magazeti ya zamani. Mtu ahame kutoka baiskeli kwenda kiti mwenyewe, aingie.

Jengo likiwa la kihistoria, kama yalivyo mengi ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo na baadhi ya hapa Tanga, usivunje ngazi za mawe. Uliza kwanza kwa wahusika wa mambo ya kale, na mara nyingi jibu huwa rampu ya mbao au chuma inayosimama yenyewe bila kugusa ukuta. Kwa ngazi moja tu ya sentimita 15, ubao imara wa sentimita 180 wenye vipande vya mbao pembeni unatosha, mradi uwepo pale muda wote wa kazi na usisubiri kuombwa.

Hatua ya tatu: ndani ya chumba

Mlango uwe na uwazi wa sentimita 90 na kizingiti kisizidi sentimita 1. Milango ya mbao ya pwani huvimba wakati wa masika na kuhitaji kusukumwa kwa bega, kwa hiyo ipigwe randa mapema. Kitasa cha mkono wa kushusha ni rahisi kuliko cha kuzungusha kwa mtu mwenye vidole visivyoshika vizuri.

Kati ya rafu na rafu acha sentimita 90 kwa uchache, na mwisho wa kila mstari pawe na duara la sentimita 150 la kugeuzia kiti. Hapa wakutubi hulalamika kwamba nafasi haitoshi. Mara nyingi inatosha ukiondoa vitabu ambavyo hakuna aliyevigusa kwa miaka, na vile vilivyoliwa na mchwa au ukungu. Mtu aliyekaa hufikia kati ya sentimita 40 na 120 kutoka sakafuni, basi vitabu vinavyotafutwa sana, yaani vya kiada, mashairi, riwaya, kamusi na majalada ya mitihani, viweke humo. Rafu za juu na chini kabisa ziachie vitabu visivyoulizwa. Kuvihamishia vitabu hivyo kwenye rafu za katikati hakugharimu kitu, kunahitaji siku moja ya kazi, na sijui kwa nini hakufanyiki kwanza kila mahali.

Meza iwe na uwazi wa sentimita 70 hadi 75 chini yake, bila ubao wa katikati unaogonga magoti, na mahali pamoja pasiwe na kiti ili kiti mwendo kiingie. Sehemu moja ya kaunta iteremshwe hadi sentimita 80 hivi, ili mtu asiongee na mhudumu huku anatazama ukuta.

Choo nitakipitia haraka kwa sababu vipimo vyake vinajirudia: mlango wa sentimita 90 unaofunguka kwa nje, nafasi ya kugeuza kiti, bakuli la kukalia, chuma imara cha kushikia, bomba na ndoo vinavyofikika kwa aliyekaa. Choo cha wenye ulemavu kisigeuzwe stoo ya mafagio wala kufungwa kwa ufunguo anaokaa nao mtu aliyekwenda kunywa chai.

Hatua ya nne: msomaji asiyeona na mwenye uoni hafifu

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na penye faida kubwa pia. Mkoa wetu una wasomaji wa nukta nundu wa miaka mingi, waliosoma Irente kule Lushoto, Pongwe na kwingineko. Wamejifunza kusoma kwa vidole, kisha wamehitimu na kurudi mitaani ambako hakuna kitabu hata kimoja wanachoweza kukigusa wakakielewa.

Anza na wenye uoni hafifu, maana huduma yao ni rahisi. Mtu mwenye ualbino mara nyingi macho yake hucheza na mwanga mkali humuumiza, kwa hiyo usimkalishe akitazama dirisha. Meza yake iwe pale ambapo mwanga unatoka nyuma au ubavuni mwake, uso wa meza usiwe wa kung'aa, na iwepo taa ndogo anayoiwasha na kuizima mwenyewe. Mpe lenzi ya kukuzia na kibao cha kuinua kitabu, asiinamishe shingo saa nzima. Fotokopi uliyonayo inaweza kufanya kazi ambayo wengi hawajaifikiria: ukikuza ukurasa wa A4 uwe A3, herufi za ukubwa wa 12 zinakaribia 17, na hapo tayari umepata maandishi makubwa. Unapochapa tangazo au mwongozo mwenyewe, tumia herufi zisizo na vimkia, ukubwa wa 18, wino mweusi kwenye karatasi isiyong'aa, bila kuweka maandishi juu ya picha. Ncha za ngazi na milango ya kioo zipakwe mstari mpana wa njano.

Kwa asiyeona kabisa kuna njia tatu, na maktaba nzuri inakuwa nazo zote: vidole, masikio, na msomaji wa kumsomea.

Vitabu vya nukta nundu ni vinene, kitabu kimoja cha kawaida huweza kuwa majuzuu kadhaa makubwa. Visilazwe kimoja juu ya kingine wala kubanwa, kwa sababu nukta hulala na vidole havisomi tena. Visimame wima, vikiwa na nafasi, mbali na ukuta unaotoa unyevu. Unyevunyevu wa Tanga hulainisha karatasi, na nukta iliyolainika ni herufi iliyofutika, kwa hiyo madirisha yafunguliwe mchana na vitabu vifutwe kwa kitambaa kikavu. Aliyejifunza nukta nundu ndiye wa kukwambia kitabu kipi kimechakaa, kwa sababu macho yako hayatakuonyesha.

Lebo za rafu unaweza kuzitengeneza mwenyewe kwa kibao na stailasi, yaani kijiti chenye ncha ya kutobolea, vifaa viwili visivyohitaji umeme. Karatasi nene hubanwa kwenye kibao, kisha kila nukta hutobolewa kwa mkono. Unaandika kutoka kulia kwenda kushoto, herufi zikiwa zimegeuzwa kama kwenye kioo, halafu unaipindua karatasi na vidole vinasoma kutoka kushoto kwenda kulia. Herufi zote hutokana na nukta sita tu, mfumo alioubuni Louis Braille huko Ufaransa katika karne ya 19, na Kiswahili kinaandikika nao barabara. Hata hivyo lebo ya mwisho aisome mtu asiyeona kabla hujaibandika. Lebo iliyokosewa ni kama kibao cha barabarani kilichogeuzwa.

Kwa masikio, unahitaji kompyuta moja yenye programu ya kusoma skrini. NVDA inatolewa bure kwa kompyuta za Windows, ilianza kutoka mwaka 2006, na sauti ya Kiswahili inapatikana ndani yake, ingawa ina lafudhi ambayo masikio yatahitaji siku kadhaa kuizoea. Kuiwasha mara nyingi ni kubonyeza Control, Alt na N kwa pamoja, na kuinyamazisha ni kubonyeza Control. Mhudumu ajue hayo mawili tu kwa kuanzia. Kwenye vitufe vya F na J kuna vituta vidogo vya kuongoza vidole, hivyo usinunue kibodi ya bei chee iliyofutika vituta. Weka vipokea sauti viwili, kwa sababu kimoja kitakufa. Kwenye simu janja za Android ipo programu kama hiyo, TalkBack, na wasomaji wengi wanaitumia tayari, hivyo intaneti ya maktaba na mahali pa kuchaji simu ni huduma kamili kwao.

Tahadhari moja kubwa. Majalada mengi ya mitihani ya miaka iliyopita na vitini vinavyozunguka kwenye simu ni picha za karatasi. Programu ya kusoma skrini haioni chochote ndani ya picha, itasema "ukurasa hauna kitu" au itanyamaza. Lazima ziingizwe kwenye programu ya kutambua herufi, kisha mtu apitie makosa, hasa majedwali na hesabu. Ni kazi ya subira. Wanachuo wa ukutubi wanaotafuta mahali pa mazoezi, wakiwemo wa chuo cha ukutubi na uhifadhi wa nyaraka kilichopo Bagamoyo, wanaweza kuifanya kwa faida yao na ya msomaji.

Je, hakimiliki? Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 uliundwa kwa sababu hii: kuruhusu taasisi zinazotambuliwa kutengeneza nakala za nukta nundu, sauti au maandishi makubwa kwa ajili ya wasioona na wengine wasioweza kusoma chapa ya kawaida, bila kuomba ruhusa kwa kila mwandishi. Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020. Nakala hizo ni kwa walengwa tu, si za kuuza wala kusambaza mitaani. Kabla hujaanza kurekodi vitabu vizima, wasiliana na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania na Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, ili utaratibu wa maktaba yako uwe wazi.

Njia ya tatu ni sauti ya binadamu. Wastaafu, walimu na wanafunzi wa kidato cha tano wenye matamshi mazuri wapo tele Tanga, mji unaojivunia Kiswahili chake. Panga saa maalumu za kusomewa, katika chumba ambacho sauti haizuiwi, na msomaji asiyeona ndiye achague kitabu. Anayesoma asiruke kurasa kwa kuona hazifai, wala asianze kutoa mawaidha.

Kuhusu kumwongoza: salimia kwanza, jitaje. "Shikamoo baba, mimi ndiye mhudumu wa kaunta. Ungependa ushike kiwiko changu?" Akikubali, yeye ndiye anayekushika, wewe tembea nusu hatua mbele na useme, "Tunapanda ngazi moja." Usimkokote mkono, usimsukume kwa nyuma, na usiguse fimbo yake. Unapoondoka, muage, asije akabaki anaongea na hewa. Na swali la haja yake liulizwe kwake, si kwa aliyemsindikiza. "Anataka kitabu gani?" ni sentensi ya kuondolewa kabisa kwenye kaunta.

Hatua ya tano: viziwi

Watu hudhani kiziwi hana tatizo maktaba kwa kuwa macho yanasoma. Kwa wengi lugha ya kwanza ni Lugha ya Alama ya Tanzania, na Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili waliyofundishwa kwa shida, mara nyingi na mwalimu asiyejua alama. Kwa hiyo weka vitabu vyenye picha nyingi na lugha nyepesi kwa watu wazima pia, bila kuviita vya watoto, na uwe na video za hadithi na masomo kwa lugha ya alama.

Wahudumu wawili angalau wajifunze alama za msingi: salamu, jina, kitabu, azima, rudisha, tarehe, ngoja kidogo, choo, asante. CHAVITA wanaweza kukuunganisha na mwalimu. Unapozungumza na mtu mwenye usikivu hafifu mtazame usoni, usifunike mdomo, usisimame dirisha likiwa nyuma yako maana uso wako utakuwa giza. Kupaza sauti hakusaidii. Kalamu na karatasi ziwe kaunta muda wote. Matangazo yote ya mdomo, kama "tunafunga baada ya dakika kumi", yaandamane na kuzima na kuwasha taa mara mbili, na kengele ya moto iwe na taa pia.

Siku ya hadithi kwa watoto, mkalimani asimame karibu na msimuliaji, mwanga ukiwa juu yake, ili mtoto aone wote wawili bila kugeuza shingo. Viti vipangwe nusu duara.

Hatua ya sita: kanuni, mlinzi na neno KIMYA

Jengo likishafikika, kanuni za karatasi zinaweza kulifunga tena. Zipitie moja moja. Fomu inayodai saini: je, dole gumba au mhuri wa saini unakubaliwa? Muda wa kuazima: asomaye kwa lenzi au kwa vidole anasoma polepole, hivyo mpe muda mara mbili. Je, anaweza kumtuma ndugu akamchukulia kitabu? Je, faini inasamehewa kama alilazwa au kiti chake kiliharibika?

Mlinzi wa geti ni muhimu kuliko mkutubi mkuu katika jambo hili, nalisema kwa uzito. Yeye ndiye wa kwanza kuonekana. Akimdhania mtu mwenye magongo kuwa amekuja kuomba sadaka na kumwambia "leo hakuna kitu", kazi yote ya rampu imepotea. Aingie kwenye mafunzo pamoja na wengine, akae mstari wa mbele. Aelewe kwamba fimbo nyeupe, magongo na kifaa cha kusikia si mizigo ya kuachwa getini, na kwamba msindikizaji hadaiwi tiketi wala kadi.

Kisha lile bango la KIMYA. Mtoto mwenye usonji anaweza kutoa sauti au kutembeatembea, kijana mwenye ulemavu wa akili anaweza kusoma kwa sauti kwa sababu ndivyo anavyosoma. Mama zao huwakumbatia na kuondoka nao huku wanaomba radhi. Gawa nafasi: chumba au veranda moja ambako sauti inaruhusiwa, na kona moja tulivu yenye mwanga hafifu na mkeka kwa mtoto aliyezidiwa na kelele. Picha rahisi za kuonyesha utaratibu, yaani ingia, chagua, soma, rudisha, zibandikwe kwa mfuatano ukutani. Saa isiyo na watu wengi, kama asubuhi ya Jumamosi, itangazwe kuwa saa yao. Wazazi wakiambiwa mapema kwamba hawatatazamwa kwa jicho la upande, watakuja.

Hatua ya saba: mpangilio wa fedha na kumbukumbu

Usisubiri mradi mkubwa. Mwezi wa kwanza fanya yasiyo na gharama: kupanga upya rafu, kusogeza meza, kuhamisha baiskeli, kurekebisha kanuni, kufundisha wahudumu kuongoza na kusalimia, kuweka NVDA. Kisha yanayogharimu maelfu: lenzi, taa, karatasi nene, kibao na stailasi, rangi ya njano, vipokea sauti, ubao wa ngazi moja. Mwisho yanayogharimu mamilioni: rampu, choo, kiti mwendo, vitabu vya nukta nundu. Mpangilio huu una faida nyingine, kwamba unapoomba mamilioni unakuwa tayari na wasomaji wanaokuja.

Daftari la wageni lisiwe na safu ya kuuliza "aina ya ulemavu". Andika huduma iliyotumika: maandishi makubwa, kompyuta yenye sauti, saa ya kusomewa, mkalimani, kiti mwendo. Kila baada ya miezi mitatu waite wakaguzi wako wa mwanzo, wape kazi ileile kutoka kituo cha daladala hadi kuazima kitabu, na uhesabu tena ni mara ngapi waliomba msaada.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na halmashauri huandaa bajeti miezi kadhaa kabla. Kwa hiyo maombi ya rampu na choo yafike mapema, mwezi wa Oktoba au Novemba, yakiwa na mchoro wenye vipimo, makadirio ya vifaa kutoka kwa fundi, picha ya mlango ulivyo sasa, na nakala ya daftari la huduma.